Mafuta Yaliyogoma Kutoka Kwenye Mwamba: Sabuni na Chembe za Nano Zinafanya Nini Huko Chini

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, wakishatoa bei kikomo za mafuta, vijiwe vya bodaboda hapa Mbeya kuanzia Kabwe mpaka Mwanjelwa vinageuka darasa la petroli. Mmoja anauliza kwa nini lita ya huku iwe juu kuliko ya Dar wakati bomba linapita hapa hapa kwetu, mwingine anakumbushia kwamba kule Rukwa walishachimba wakaondoka kimya kimya kwa hiyo kuna kitu kimefichwa, na siku hizi ameongezeka wa tatu mwenye klipu ya wasap inayosema wazungu wamegundua kitu kinaitwa nano, ukikimwaga kwenye kisima kilichokauka mafuta yanarudi kama mwanzo. Mambo matatu ambayo hayahusiani yanachanganywa pamoja, watu wanabishana mpaka jioni na kila mtu anarudi nyumbani na jibu lake.

Hiyo nano ipo kweli, na nyuma ya klipu zile za kukatwakatwa kuna sayansi nzuri sana ambayo mtu yeyote aliyewahi kufua ovaroli ya gereji anaweza kuielewa. Ila kwanza tuyatenganishe haya mambo.

Bomba la TAZAMA lina urefu wa kilomita 1,710, linatoka Dar es Salaam mpaka Ndola kule Zambia na lilianza kazi mwaka 1968. Linapita nyanda zetu za juu kusini lakini halichoti kitu chochote Mbeya, linapitisha tu. Kwa miaka mingi lilikuwa linabeba mafuta ghafi yaliyoletwa na meli, tangu 2023 linapeleka dizeli, na dizeli hiyo ni mzigo wa Zambia. Ya kwetu inapandishwa na malori kupitia mlima Kitonga, na ile gharama ya lori ndo unayoikuta kwenye bei ya pampu. Kuhusu Rukwa, mwaka 1987 kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba visima viwili vya utafiti, Ivuna na Galula, mafuta hayakupatikana. Habari kubwa iliyotoka Rukwa mwaka 2016 ilikuwa ya hiliamu, hiyo ni gesi ya kupozea mashine za MRI na kazi nyingine za viwandani, haichomwi kwenye injini yoyote. Kwa hiyo mtu akisema "si wamwage nano Rukwa", jibu ni fupi tu, nano haitengenezi mafuta mahali ambapo hayapo. Kazi yake ni kusaidia kuyatoa yale ambayo yapo, yanajulikana yapo, lakini yamegoma.

Na hapo kwenye kugoma ndo penyewe.

Watu wengi kichwani wana picha ya ziwa la mafuta chini ya ardhi, unatoboa, unaweka bomba, unavuta mpaka likauke. Picha hii ndo inazaa maswali yote yale ya ajabu, kwa sababu kama ni ziwa basi likiisha limeisha na anayesema mafuta yamebaki anadanganya. Hakuna ziwa. Mafuta yapo ndani ya jiwe. Ni mwamba wa mchanga ulioshikamana kwa mamilioni ya miaka, au wa chokaa, wenye vitundu ambavyo kwa macho huvioni, na mwamba mzuri wa mafuta katika kila sehemu mia za ujazo wake kama kumi mpaka thelathini hivi ndo vitundu, zilizobaki ni jiwe tupu. Vile vitundu vinaunganishwa na milango myembamba ya mikroni chache, na mikroni moja ni milimita ukiigawa mara elfu.

Ukitaka kuiona hali hii nenda gereji yoyote ya mtaani ukatafute tofali la kuchoma wanalozuilia tairi. Likikaa pale muda mrefu linadondokewa na oili chafu mpaka linakuwa jeusi. Lishike, kwa nje ni kavu tu, vidole vinatoka na masizi kidogo, lakini likivunjika unakuta weusi umeingia mpaka katikati, kila punje ya udongo imepakwa. Sasa litumbukize kwenye ndoo ya maji. Vipovu vinatoka, matone machache ya oili yanapanda juu na kutandaza ile rangi ya upinde wa mvua juu ya maji, halafu basi. Unaweza kuliacha mpaka kesho, unaweza kulitikisa, maji yanabaki vile vile na tofali linabaki jeusi. Oili haijaisha kwenye tofali, imegoma. Mwamba wa mafuta kilomita mbili chini ya ardhi una shida hiyo hiyo, tofauti ni kwamba huko huwezi kuuvunja ukaangalia ndani.

Sasa mafuta huwa yanatokaje? Kisima kikiwa kipya mwamba una presha yake, uzito wa ardhi iliyo juu na gesi iliyoyeyuka ndani ya mafuta vinasukuma, kwa hiyo mafuta yanakuja yenyewe au kwa msaada wa pampu. Hatua hii ya kwanza mara nyingi inatoa asilimia 5 mpaka 15 ya mafuta yote yaliyomo, ikizidi sana 20. Presha ikishuka wanaenda hatua ya pili, wanachimba visima vingine pembeni na kusukumia maji chini ili yale maji yasukume mafuta kuelekea visima vya kuvunia. Njia hii ni ya kawaida dunia nzima, na ukijumlisha hatua zote mbili unafika kama theluthi moja ya mafuta yote, pengine zaidi kidogo kutegemea na mwamba. Baada ya hapo kisima kinaanza kutoa maji mengi kuliko mafuta, mapipa tisa ya maji kwa pipa moja la mafuta ni jambo la kawaida kabisa kwenye visima vizee, na ikifika mahali gharama ya kupandisha na kusafisha yale maji inazidi thamani ya mafuta, kisima kinafungwa.

Yaani kisima kinafungwa huku theluthi mbili ya mafuta bado iko chini. Hii ndo habari ambayo pale kijiweni huwa inakosekana.

Tuchukue mfano wa jirani zetu maana unatuhusu. Uganda waligundua mafuta ya kibiashara mwaka 2006 kwenye bonde la Ziwa Albert, na ndo mafuta ambayo bomba la EACOP la kilomita 1,443 linajengwa kuyaleta Chongoleani, Tanga. Makadirio ambayo yamekuwa yakitajwa kwa miaka mingi ni mapipa bilioni 6.5 ndani ya mwamba, na yale yanayoweza kuvunwa ni kama bilioni 1.4. Watu wakiona namba hizi mbili kwenye magazeti tofauti wanasema serikali inajichanganya, au kuna mtu kaiba bilioni tano katikati. Hamna aliyeiba. Namba ya kwanza ni mafuta yaliyopo, ya pili ni yanayotarajiwa kutoka kwa njia zilizopangwa, kusukumia maji ikiwemo. Tofauti kati ya hizo mbili inakaa kwenye vitundu.

Kwa nini yanakaa? Sababu ziko mbili na kila moja ina dawa yake, kwa hiyo tusizichanganye.

Ya kwanza ni kwamba maji ni mepesi kutembea kuliko mafuta. Ukiyasukuma kwenye mwamba hayaendi kwa mstari mmoja yakifagia kila kona, yanatafuta njia rahisi, yakishaipata yanapita hapo hapo miaka yote mpaka yanatokea kisima cha upande wa pili, na maeneo makubwa ya mwamba yanabaki hayajaguswa. Dawa yake ni kuyafanya maji yawe mazito. Wanachanganya polima, ambayo ni unga wa kemikali yenye molekuli ndefu sana, kidogo tu inatosha kuyafanya maji yawe mlenda na kutembea polepole kwa upana.

Sababu ya pili ndo ngumu na ndo inayotupeleka kwenye sabuni na nano. Hata pale maji yanapopita vizuri kabisa, nyuma yake yanaacha matone madogo madogo ya mafuta yaliyonasa, kila moja kwenye kitundu chake. Maji na mafuta yakikutana yanaweka mpaka kati yao, na ule mpaka una nguvu yake ya kujivuta, ndo maana mafuta kwenye maji yanajikusanya duara. Tone likiwa limekaa kwenye kitundu kipana na mlango wa kutokea ni mwembamba, ili lipite lazima lijibane na kurefuka, na mpaka wake unakataa kurefushwa. Maji yanalisukuma kwa nyuma lakini kwenye tone dogo kiasi kile msukumo wa maji hauna ubavu. Utasema basi waongeze nguvu ya pampu. Mahesabu yanaonyesha ingebidi msukumo uongezeke kama mara elfu moja hivi ndo yale matone yaanze kutoka kwa wingi, na mwamba ungepasuka mapema sana kabla hujafika robo ya safari hiyo.

Kwa hiyo kilichobaki ni kuuvunja nguvu ule mpaka wenyewe, na hapo anaingia safaktanti. Safaktanti ni jina la jumla la kemikali zote ambazo molekuli yake ina pande mbili, kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ukiiweka kati ya maji na mafuta inakaa pale mpakani, kichwa huku mkia kule, na mpaka unalegea. Sabuni ya kipande ni safaktanti, ya unga pia, shampuu pia, hata ile stika wakulima wa viazi wa Uyole na Njombe wanayochanganya kwenye bomba la kupulizia ili dawa ya ukungu itande kwenye jani isiteleze, ni ya ukoo huo huo. Rudi kwenye tofali letu. Ukitia sabuni kwenye ile ndoo ya maji na kusubiri, maji yanaanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, hiyo ni oili iliyokuwa imenasa imeanza kutoka kwa matone madogo sana.

Kwenye maabara nguvu ya mpaka wa maji na mafuta ghafi inapimwa kwa milinyutoni kwa mita, na kawaida inakuwa kwenye 20 mpaka 30. Sabuni ya kawaida inaishusha mpaka moja au chini kidogo ya moja, kwa kufua nguo hiyo inatosha kabisa. Kwa mwamba haitoshi hata kidogo, unatakiwa ushuke mpaka 0.001, yaani kulegeza mpaka mara elfu kumi na zaidi. Hapo ndo utaelewa kwa nini lile swali la "si wamwage tu sabuni ya kufulia" halina jibu rahisi. Safaktanti ya mafuta inatengenezwa kwa ajili ya mafuta ya sehemu fulani, mwamba wa sehemu fulani, chumvi ya sehemu fulani na joto la sehemu fulani, ukibadilisha kimoja inaweza isifanye kazi. Wanaoishi maeneo ya maji magumu wanajua sabuni inavyokataa kutoa povu na kuacha utando mweupe kwenye beseni, kalsiamu na magnesi ndo zinaifanya hivyo, na maji ya kwenye miamba ya mafuta mara nyingi yana chumvi kuzidi ya bahari, kalsiamu imejaa, na joto linaweza kuvuka nyuzi 80.

Halafu kuna tatizo ambalo kwa maoni yangu ndo kubwa kuliko yote, mwamba unaila sabuni. Ile safaktanti inashikamana na kuta za vitundu njiani kabla haijayafikia mafuta. Ukikumbuka kwamba ndani ya mwamba kuna kuta nyingi mno, kiganja kimoja cha jiwe la mchanga kina eneo la ndani kubwa kuliko sakafu ya nyumba nzima, unaelewa kwamba tani na tani za kemikali ya gharama zinaweza kuishia ukutani bila kugusa tone hata moja. Kampuni za Marekani zilifanya majaribio mengi ya njia hii miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisayansi mengine yalifanya kazi, bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 1986 miradi mingi ikaachwa, hakuna aliyetaka kutia kemikali ya hela nyingi ardhini ili apate mafuta ya hela kidogo.

Wachina hawakuacha. Eneo lao kubwa la visima vya mafuta la Daqing, lililogunduliwa mwaka 1959 kule kaskazini mashariki, lilianza kutumia polima kwa kiwango kikubwa mwaka 1996, baadaye wakaja na mchanganyiko wa vitu vitatu kwa pamoja, alkali, safaktanti na polima. Moja ya alkali zinazotumika ni sodiamu kaboneti, ambayo sisi tunaijua kwa jina la magadi. Alkali inafanya kazi mbili. Inapunguza ile tabia ya mwamba kula safaktanti, na pia inakutana na asidi za asili zilizomo kwenye mafuta ghafi na kutengeneza sabuni huko huko chini, yaani mafuta yanatoa sabuni ya kujitoa yenyewe. Matokeo yao yalifika nyongeza ya karibu asilimia 20 ya mafuta yote ya mwanzo juu ya yale yaliyotolewa na maji peke yake, ni namba kubwa mno kwenye kazi hii. Ila alkali iliyo kali kuliko magadi iliwapa shida nyingine, ilimomonyoa madini ya mwamba na yakaja kuganda kwenye pampu na mabomba mpaka pampu zinakwama.

Sasa nano.

Nano ni kipimo cha udogo tu. Nanomita moja ni milimita ukiigawa mara milioni, unywele mmoja wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000 hivi. Chembe za nano ni vipande vya kitu chochote vyenye ukubwa kati ya nanomita 1 na 100. Kwa hiyo nano haina maana ya sumu, haina maana ya dawa wala mtambo wa siri, swali la kuuliza siku zote ni nano ya nini. Kwenye mafuta inayojaribiwa zaidi ni silika, ambayo ni kitu kile kile kinachotengeneza mchanga wa Mto Ruaha, imesagwa au kutengenezwa kikemikali ikawa ndogo kiasi hicho. Nyingine ni oksidi za alumini, titani, zinki na chuma. Mlango wa kitundu ukiwa na upana wa mikroni moja, chembe ya nanomita 20 ni ndogo mara hamsini, inapita.

Inapita inaenda kufanya nini? Hapa panahitaji utulivu kidogo. Kazi ya kwanza ni kubadilisha mwamba unapenda nini. Kuna miamba ambayo kuta zake zinapenda maji, mafuta yanakaa katikati ya kitundu na yanatoka kirahisi zaidi, na kuna miamba, hasa ya chokaa, ambayo kwa kukaa na mafuta miaka na miaka kuta zimezoea mafuta, yamejipaka ukutani na maji yanapita katikati bila kuyagusa. Chembe za silika zikijipanga kwenye ukuta wa aina hiyo zinaufanya uanze kupenda maji, maji yanatambaa ukutani na mafuta yanaachia.

Kazi ya pili ilielezwa vizuri mwaka 2003 na Darsh Wasan na Alex Nikolov wa Illinois Institute of Technology pale Chicago. Walionyesha kwamba chembe ndogo zikiwa kwenye maji zikafika pale ambapo tone, maji na ukuta vinakutana, pale kwenye kona nyembamba kabisa, zinajipanga kwa safu. Kadiri zinavyojipanga ndivyo zinavyosukumana kuelekea ndani ya kona, na msukumo huo unaingia chini ya tone na kulinyanyua kutoka ukutani. Hakuna mtu anayesukuma kwa pampu hapo, ni chembe zenyewe zinatafuta nafasi.

Ya tatu ni kusaidiana na safaktanti, na mimi naona hapa ndo penye matumaini zaidi. Chembe zinaweza kutangulia na kukaa kwenye zile kuta zinazokula sabuni, ili sabuni ikija nyuma ikute nafasi zimejaa na iendelee na safari mpaka kwenye mafuta. Au zinabeba safaktanti juu yake na kuiachia ikifika mpakani. Pia zinalinda povu. Kuna visima ambako badala ya maji wanasukumia gesi ya kaboni dayoksaidi, njia hii imetumika Texas tangu mwaka 1972 kwenye eneo linaitwa SACROC, gesi ikibanwa vya kutosha inayeyuka ndani ya mafuta, yanavimba na kuwa mepesi. Watu wa Rungwe gesi hii wanaijua, kule Kyejo inatoka ardhini yenyewe na inavunwa kwa ajili ya vinywaji vya soda na matumizi mengine. Shida ya gesi ni kwamba ni nyepesi kuliko hata maji, inakimbia juu na kutoroka, kwa hiyo wanaigeuza povu kwa safaktanti ili itembee taratibu. Povu la safaktanti peke yake linakufa mapema kwenye joto na chumvi. Chembe za nano zikikaa kwenye kuta za vipovu hazibanduki kirahisi, na povu linadumu.

Mpaka hapa inasikika tamu, ndo maana klipu zinasambaa. Ukweli ambao klipu hazisemi ni kwamba sehemu kubwa sana ya matokeo ya nano bado ni ya maabara. Wanachukua kipande cha mwamba cha duara, urefu wa kiganja hivi, wanakijaza mafuta, wanasukumia maji, wanapima kilichobaki, halafu wanasukumia maji yenye nano na kupima kilichoongezeka. Nyongeza ya asilimia 10 kwenye kipande cha kiganja inapatikana mara nyingi tu. Kutoka kiganja mpaka mwamba wa kilomita kadhaa ni habari nyingine kabisa. Chembe zikikutana na maji ya chumvi zinashikamana na kuwa mabonge, na bonge la mikroni moja linaziba mlango ule ule uliotaka kuufungua, mwamba ukizibwa pale karibu na kisima umejiharibia mwenyewe. Bei nayo ni kikwazo, maana mradi wa ukubwa huo unataka chembe kwa maelfu ya tani. Kwa hiyo mtu akikuletea hisa za kampuni itakayofufua visima vya mafuta kwa nano na akakwambia faida ya miezi mitatu, weka hela yako mfukoni.

Kuna mkanganyiko mwingine naukuta sana, watu wanadhani hii ndo ile njia ya kupasua miamba inayopigiwa kelele Marekani. Ni vitu viwili tofauti. Kule wanasukuma maji na mchanga kwa presha kubwa makusudi ili mwamba uliobana upasuke. Kwenye hii ya safaktanti na nano mwamba unatakiwa ubaki mzima, presha inawekwa chini ya kiwango cha kupasua, kwa sababu ukipasuka ndo maji yako ya kemikali yanapata barabara ya kukimbilia na kuyaacha mafuta.

Suala la mazingira lisipuuzwe lakini. Maji yenye safaktanti yakirudi juu pamoja na mafuta yanakuwa yamechanganyika mno, ile sabuni iliyosaidia kuachanisha mafuta na mwamba sasa inayazuia yasiachane na maji, na juu ya ardhi wanatumia joto na kemikali nyingine kuvitenganisha. Maji yanayobaki kawaida yanarudishwa chini kwenye mwamba ule ule. Hatari ipo kwenye kuvuja, kisima ambacho saruji yake ya kuzungushia bomba ina ufa kinaweza kupitisha maji hayo kwenye tabaka la maji ya kunywa, na safaktanti zikifika mtoni zinaua samaki kwa kuharibu mashavu yao. Chembe za nano zenyewe, silika ina hatari ndogo ikiwa ndani ya maji, ila unga wake mkavu ukivutwa kwa pua una madhara ya mapafu, kwa hiyo anayestahili kuangaliwa zaidi ni mfanyakazi anayefungua mifuko pale juu.

Je, haya yote yatashusha bei ya petroli Mbeya? Kwa moja kwa moja, hapana. Bei ya pampu yetu inafuata soko la dunia, thamani ya dola, meli, kodi na lile lori linalopanda Kitonga. Mafuta yanayotolewa kwa kemikali ni ya gharama kuliko yanayotoka yenyewe, kwa hiyo kampuni zinaigusa njia hii pale bei ya dunia ikiwa juu na kuiacha ikishuka.

Ambacho kinatuhusu kwa karibu ni kile kiasi kitakachobaki kwenye mwamba Uganda. Asilimia moja tu ya yale mapipa bilioni 6.5 ni mapipa milioni 65, na kila pipa ni lita 159. Sehemu kubwa ya kitakachoongezeka kule inatarajiwa kupita kwenye ardhi ya Tanzania mpaka Tanga na ushuru wake wa kupita. Kijana anayesoma kemia au uhandisi pale chuo kikuu cha MUST, Iyunga hapa Mbeya, leo, umri wake wa kazi utakutana na visima hivyo vikiwa vimeanza kuzeeka na kutoa maji kuliko mafuta, na atakayeitwa ni mtu anayejua kupima mpaka wa maji na mafuta na kuangalia chembe zinafanya nini kwenye chumvi. Kazi hiyo haiwezi kunakiliwa kutoka sehemu nyingine. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, kwenye joto la kawaida yanaganda, ndo maana bomba la EACOP lazima lipashwe moto likae juu ya nyuzi 50 njia nzima, na safaktanti iliyofanya maajabu Daqing ikipelekwa kwenye mwamba ule na maji yale bila kujaribiwa upya inaweza ikaliwa yote na ukuta kabla haijafika kwenye tone la kwanza.